Leso Juu ya Nyaya

Tangu nistaafu nimerudi kwetu Kivaa, na kitu cha kwanza kilichowashangaza majirani ni kwamba nikitoka nyumbani nachomoa kila kitu ukutani: redio, pasi, hata chaja ambayo haina simu. Wanadhani nabana matumizi, nami nawaacha wadhani hivyo. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa fundi wa umeme wa ndege za abiria, na kazi hiyo imenifundisha kutouamini waya wowote ambao sijauona mwanzo na mwisho wake. Ndege zikipita huku kwetu zinapita juu sana, lakini bado naacha jembe na kuzitazama mpaka ziishe. Mume wangu aliwahi kuniuliza natazama nini. Nilimwambia natazama kama kuna moshi.

Nyinyi mlioko kazini mliniomba niandike mambo niliyoyaona, mkanikumbusha nisisahau vyeo. Vyeo nitaviruka. Vimo kwenye faili na havijawahi kuzima moto. Kampuni nayo sitaitaja, kwa sababu mnaijua, na asiyeijua hana haja nayo.

Siku ya kwanza nilifika hangani, yaani katika lile banda kubwa la kutengenezea ndege, nikiwa nimeipiga pasi ovaroli yangu hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kikosi cha umeme. Nilikabidhiwa kwa Mzee Nzioka, mtu wa Kyumbi, mfupi, asiyependa maneno mengi, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo madogo. Cheti changu hakukitazama. Alinishika mikono, akaigeuza huku na huku, akasema ni midogo, itaingia mahali ambapo yake haiingii tena. Kisha akanipeleka nyuma ya hanga, akaweka chini vipande vya waya wa zamani, akavichoma kimoja kimoja kwa kiberiti, akaniamuru ninuse.

Nilidhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Alinirudisha pale siku tatu mfululizo. Kila aina ya ganda la waya ina harufu yake ikiungua: kuna inayonuka kama nywele, kuna inayonuka kama samaki aliyeharibika, na kuna ile isiyonuka chochote hadi umeshachelewa. Siku ya nne alinifunga macho kwa kitambaa, akachoma, nikataja zote bila kukosea. Hapo ndipo alipoanza kuniita kwa jina langu, Ndinda. Kabla ya hapo nilikuwa "wewe".

Vifaa vyake vikuu vilikuwa vitatu, navyo ndivyo nilivyotumia hadi siku ya mwisho: tochi, kioo kidogo chenye mkono mrefu, na vidole. Ndege ya abiria ina nyaya nyingi kuliko mtu anavyoweza kuwaza. Zimefungwa pamoja katika matita, zikapitishwa juu ya dari, chini ya sakafu, nyuma ya vyoo na nyuma ya kuta ambazo abiria anaegemea akisinzia. Macho yanaona upande wa mbele wa tita tu. Upande wa nyuma, ambako waya unasuguana na chuma kila injini inapotetemeka, lazima uuone kwa kioo au uupapase. Nzioka alikuwa akipapasa huku amefumba macho. Mara moja alisimama katikati ya kupapasa, akanivuta kidole na kukiweka mahali fulani. Ganda la waya lilikuwa limelika kiasi cha punje ya mtama. Nilisikia ubaridi wa shaba yenyewe.

Gari likishika moto pale Mlolongo, dereva analisogeza kando ya barabara na kuruka nje. Juu kule hakuna kando. Hili nilikuwa nikilijua kichwani, kama mnavyolijua nyinyi. Tumboni liliniingia mwaka wangu wa sita.

Ndege yetu moja ilikuwa safarini kwenda Mombasa asubuhi, abiria wamejaa. Mhudumu wa jiko la nyuma alikuwa Grace, dada mchangamfu tuliyezoeana. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alisikia harufu, akadhani ni mkate umeungua, akazima oveni zote. Harufu ikabaki. Akainua uso, akaona uzi mwembamba wa moshi mweupe ukitoka kwenye maungio ya dari. Akapitisha mgongo wa mkono juu ya dari polepole, kama unavyompima mtoto homa, hadi akafika mahali palipomfanya auondoe mkono haraka. Kumbe kulikuwa na abiria, mama mmoja mzee, aliyesimama nyuma yake akingoja choo. Grace alimgeukia akamwambia kwa tabasamu kwamba choo hiki ni kibovu, tafadhali tumia cha mbele. Kisha akavuta pazia, akapenyeza bomba la mtungi wa kuzimia moto katika ufa wa dari na kubonyeza hadi mtungi ukaisha. Rubani aliigeuza ndege. Grace aliniambia dakika zile za kurudi alizitumia kugawa maji huku akijua anachokijua, na kila abiria aliyemwambia asante alimtia uchungu.

Walitua salama. Mimi na Nzioka ndio tuliofungua dari ile. Tita zima lilikuwa limeungana kuwa kitu kimoja cheusi, na blanketi la kuzuia baridi lililo nyuma yake lilikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, kingo zake bado zina joto. Nzioka alichukua koleo ndogo, akachokora kwa muda mrefu, akatoa kipande cha alumini kilichojikunja, kidogo kama ukucha uliokatwa. Kilikuwa kimebaki baada ya mtu kutoboa tundu kwa drili ili kufunga taa, miezi mingi nyuma. Kilianguka juu ya nyaya, na kila safari kikawa kinajichimbia ndani ya ganda kidogo kidogo.

Ripoti iliandikwa kwamba chanzo ni kipande cha chuma kigeni. Karatasi za kazi ile ya taa zilikuwa na sahihi ya mkaguzi aliyekwisha hamia ng'ambo, mambo yakaishia hapo. Wiki moja baadaye, tukinywa chai nyuma ya hanga, Nzioka aliniambia bila kunitazama kwamba drili ile aliishika yeye. Nilingoja aendelee. Alimwaga masalia ya chai na kuingia ndani. Hakumwambia mtu mwingine, na mimi pia sikusema. Sasa amekwisha zikwa Kyumbi, na leo ni mara ya kwanza naliandika. Nilimpenda yule mzee kama baba na jambo hili nimemkasirikia miaka yote. Yote mawili ni kweli. Grace aliacha kazi ya ndege mwaka uleule, na hadi leo hajui ni mkono wa nani.

Jumatatu iliyofuata Nzioka alikuja na leso ya mkewe, yaani khanga, kwenye mfuko wa plastiki. Tangu siku ile hakutoboa tundu lolote bila kutandaza leso juu ya nyaya, ili vipande vyote viangukie kitambaani. Akimaliza, anaikunja kwa ndani na kwenda kuikung'uta nje. Kampuni nayo ilileta shuka za plastiki kwa kazi hiyo, lakini zilikuwa ngumu, zinateleza, tena ziliisha upesi na hazikuagizwa nyingine. Basi mafundi wote wakamwiga mzee. Huyu alileta shuka kuukuu, yule akaleta kitenge, mwingine kiblanketi cha utotoni cha mwanawe. Wakubwa walipita wakaona, wakasifu ubunifu.

Kwa leso Nzioka aliweka sheria moja: lazima iwe na mkia. Pembe moja uiache ikining'inia nje ya tundu la dari, mahali ambapo huwezi kurudisha kifuniko bila kuiona. Kulikuwa na sababu. Vifaa vya hanga vyote vina ubao wao, na nyuma ya kila kifaa pamechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu. Bisibisi moja ikikosekana jioni, umbo lake linakukodolea macho na hakuna mtu anayekwenda nyumbani. Leso hazikuwa na umbo kwenye ubao. Zilitoka nyumbani na kurudi nyumbani, hakuna aliyezihesabu. Nafikiri mmeshaanza kuona ninakokwenda.

Wakati huo Nzioka alikuwa amestaafu zamani, nami nilikuwa mtu mzima wa hanga, mwenye leseni na sahihi yangu, ninayeitwa Mama Mwende kwa jina la mwanangu. Nilikuwa nimepanga Mlolongo, ghorofa ya nne, ndege zikitua zinapita karibu na dirisha. Ijumaa moja nilimaliza kazi juu ya jiko la nyuma la ndege iliyokuwa iondoke kesho yake. Nilikuwa nimetoboa matundu mawili ya kibano kipya cha kushikia nyaya. Nilitandaza leso yangu, ya buluu, nikaacha mkia. Lakini watu wa viti walikuwa wakipita na viti vyao mabegani, na kila wakipita wanaunasa ule mkia na kunilalamikia. Mara ya tatu au ya nne nikauchomeka ndani ili nipate amani. Nikamaliza kibano. Nikaitwa chini kumulikia mwenzangu tochi. Niliporudi nikaona dari safi, tundu safi, nikafunga kifuniko, nikaweka sahihi.

Jumamosi kama saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye roshani, nimeloweka ovaroli zangu. Leso huwa naifua nazo. Nikatia mkono kwenye mfuko wa kazi, haikuwemo. Nikaumwaga mfuko wote sakafuni. Nikarudi ndani, nikatazama chini ya kitanda, nikatazama hata kwenye friji, kama mtu aliyechanganyikiwa, maana ndivyo nilivyokuwa. Ndege ile ilikuwa imeondoka saa mbili na nusu kwenda Lusaka. Nilikuwa nimeisikia ikiondoka.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikuliambia tume iliyonihoji baadaye wala mtu wa nyumbani. Sikupiga simu mara moja. Nilisimama na simu mkononi, povu likinitiririka hadi kiwikoni, nikajieleza. Leso ni pamba tu. Labda iko kwenye kabati kazini. Labda niliitumia kufutia mikono nikaiacha popote. Hata kama iko darini, imelala juu ya nyaya nzima, nyaya nzima haziwashi kitu. Hakuna anayejua, na jioni ndege itarudi, nitapanda kimya kimya niitoe. Nilikuwa nikiwaza leseni yangu, na kicheko cha wanaume wa hanga, na hata jinsi ripoti ingesomeka: leso. Abiria niliwawaza mwisho. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, nanyi siku yenu ikifika mtajikuta mkiwaza hivyohivyo.

Kilichonitoa pale ni kukumbuka kwamba kibano nilichokifunga kilikuwa kipya na sikukipapasa nyuma. Hadi nilipoitwa chini kumulika tochi nilikuwa na hakika leso iko darini. Baada ya hapo sikuwa na hakika ya chochote nilichokifanya. Nikampigia msimamizi wetu wa zamu, Bwana Oduor.

"Oduor, ni Ndinda. Leso yangu siioni."

Alicheka kidogo, akauliza leso gani.

"Ile ya kufunikia waya. Nafikiri iko kwa ndege ya Lusaka, juu ya jiko ya nyuma. Na hiyo kibano sikuangalia nyuma yake."

Nilisikia drili ikilia mahali fulani nyuma yake, kisha ikakoma.

"Uko na uhakika?"

"Sina."

"Huna uhakika, na unataka nirudishe ndege imejaa watu."

"Nataka tu kapteni aambiwe vile nimekuambia wewe. Yeye ndiye ako huko juu."

"Mama Mwende, nikishasema hii maneno kwa redio siwezi kuirudisha. Unaelewa?"

Nikamwambia naelewa. Akakata. Niliondoka nimevaa malapa, nikapanda bodaboda hadi uwanjani, na njia nzima nilikuwa nimeinua uso. Mwenye boda alidhani namwomba Mungu. Alikuwa amekaribia ukweli.

Kapteni aligeuza. Baadaye nilisikia kwamba mhudumu wa nyuma aliambiwa apitishe mgongo wa mkono kwenye dari mara kwa mara njia yote. Alikuwa msichana mgeni kazini, hajatimiza mwezi. Dakika zile za kungoja sina namna ya kuzieleza. Nilisimama kando ya mlango wa hanga, nikawa namhesabia yule msichana: sasa anainua mkono, sasa anauteremsha. Ndege ilipotokea upande wa Athi River, ndogo, safi, bila kitu chochote nyuma yake, nikakaa juu ya tairi.

Abiria walishuka wakinung'unika, wengine wakipiga simu kwa hasira. Nikapanda na malapa yangu. Oduor akasimama chini yangu akishika ngazi. Mutua, fundi mwenzangu wa miaka mingi, akashika tochi. Mutua alikuwa ameshaanza utani tangu nilipofika, ananiita Mama Leso, anauliza kama nyumbani hakuna sanduku la nguo. Nikafungua kifuniko.

Ilikuwa pale. Imelala juu ya tita vilevile nilivyoitandaza, mkia umechomekwa ndani vizuri kama shuka ya hospitali. Haikuwa imeungua. Niliishika, ilikuwa na joto la kawaida la darini, au labda ni mikono yangu. Nikapapasa nyuma ya kibano nimefumba macho. Nyaya zilikuwa nzima. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, zilikuwa nzima. Oduor aliuliza kuna nini huko, nikamwambia leso iko na kingine hakuna.

Nilijua hesabu anayoifanya: ndege imerudi, mafuta yamemwagwa, watu wamekosa safari zao, kwa kitambaa ambacho hakijapata hata doa. Je, kingewaka? Nimejiuliza tangu siku ile na nitakufa sijajua. Moto usiotokea hauachi jivu la kumwonyesha mtu. Mnaoniuliza kama nilifanya sawa, jueni kwamba hata mimi jibu ninalo siku nyingine, na siku nyingine sina.

Saa sita mchana Oduor alitukusanya mafundi wote mbele ya ubao wa vifaa. Sikuonewa huruma na sikutukanwa. Alisema tu kwamba kila mtu aende kwenye kabati na sanduku lake, alete kitambaa chake cha nyumbani, akiweke mezani akione yeye. Watu walitawanyika wakichekacheka. Nilibaki pale peke yangu, leso yangu mezani, ya kwanza.

Wakaanza kurudi. Shuka yenye maua. Kitenge. Kile kiblanketi cha mtoto, kimebaki nusu. Fulana ya kampeni yenye uso wa mtu aliyeshindwa uchaguzi, watu wakacheka. Meza ikajaa. Oduor akawa anahesabu watu, kisha vitambaa, kisha watu tena.

Mutua alikuwa bado amechutama mbele ya sanduku lake. Alilifunga, akalifungua, akatoa vifaa vyote kimoja kimoja na kuvipanga chini. Akaenda kwenye kabati, akarudi. Alipokuja hakwenda mezani, alikuja nilipokuwa, akasimama karibu sana, na utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama Mwende," aliniambia kwa sauti ya chini, "ile ya Kisumu imeondoka saa ngapi?"

Nilimwambia saa tano na nusu. Ilikuwa bado hewani. Yeye ndiye aliyeifanyia kazi Alhamisi.

"Labda bibi yangu ameichukua akafua," akasema. "Wacha nimpigie kwanza nimuulize."

Niliijua ile labda. Nilikuwa nimesimama nayo kwenye roshani asubuhi ileile, povu likinitiririka. Oduor alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, amegeuka upande wa pili, na Mutua alikuwa akimtazama mgongo lakini miguu yake haikwenda. Nikaingiza mkono chini ya kwapa lake, kama unavyomshika mtu kanisani anapokwenda kutazama maiti, tukatembea pamoja.

"Bwana Oduor," Mutua alisema, "ya kwangu pia sioni."